Bega Lisilokatwa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Ng'ombe thelathini na mmoja leo. Miguu imevimba ndani ya gambuti. Mzee Mbuthia, landilodi wangu, alikuja kichinjioni mwenyewe na ndume yake — amevaa koti la kanisa, kwenye damu yote ile! Ndume ni ya Jumamosi, ngurario, ile sherehe ya kimila ya ndoa, ya binti yake Shiko. Ameifuga miaka miwili nyuma ya ploti zetu hapa Riruta. Nimeisikia ikilia kila asubuhi nikipiga mswaki.

Ini, safi. Mapafu, safi. Ulimi, mashavu, moyo — nimekata, safi. Nikainua kisu niende begani, Mzee akanishika mkono. Ati nisikate. Ati wazee wa upande wa bwana harusi wakiona bega limechanjwa watasema amewapa ng'ombe mgonjwa, na maneno hayo yatamfuata Shiko mpaka azeeke. Nikamwambia, kwani kiande, bega la kukatwa siku hiyo, si ni cha mbuzi? Akacheka. "Daktari, wewe ni mtu wa Busia. Wachana na mambo ya Wakikuyu."

Mimi si daktari. Ni mkaguzi wa nyama. Nimemwambia mara mia.

Kanuni inasema mabega yote mawili yakatwe, maana tegu, wale minyoo wa nyama, hupenda kujificha humo. Lakini moyo ulikuwa safi. Na foleni ndefu. Nikapiga muhuri. Ng'ombe nambari 17.

Sijui kwa nini naandika hili. Si kitu.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Stima imepotea tangu saa kumi. Shiko ameleta nguo yangu ya Jumamosi, ya kijani, inanibana kifua. Ati nitakaa meza ya familia! Nimemwambia mimi ni mpangaji tu. Akanicheka. Mwaka juzi nilipolazwa ni yeye aliyeniletea uji kila siku, wiki mbili nzima. Dada yangu wa tumbo moja alipiga simu mara moja.

Jumatano, 5 Novemba

Aki Mungu wangu.

Mzee ameleta ndume ya pili, ndugu ya ile ya kwanza. Hii ni ya kuuzia bucha, kwa hiyo hakusema neno kuhusu mabega. Nikakata moyo: kijipira kimoja cheupe, kama punje ya mchele, maji ndani, kitone katikati. Bega la kushoto: vitatu. La kulia: viwili. Tegu. Hakuna kubahatisha.

Nikampigia Mzee nikamuuliza, hizi ndume zilikula pamoja? Ati ndiyo, zizi moja, shamba moja la majani ya nepia. Nepia ile ya kule chini. Na mimi naijua nepia ile! Iko kando ya shimo la choo linalofurika kila mvua. Choo chetu. Mtu fulani kwenye ploti ana tegu tumboni na hajui, maji yanashuka kwenye majani, ng'ombe anakula. Miaka minne nimepita pale nikiziba pua tu, na hii ndiyo kazi yangu!

Hii ya leo nimeizuia. Inagandishwa siku kumi, tegu wafe. Lakini ile ya kwanza iko kwenye friji ya bucha hapa Riruta, na friji ile inapoza tu, haigandishi. Jumamosi inachomwa. Na tunavyopenda choma sisi — nje imebabuka, ndani bado nyekundu, ndiyo tamu.

Najiambia tegu haiui mtu. Ni kweli. Unameza dawa, inatoka. Lakini wageni mia tatu! Na kila mmoja ataona muhuri wangu wa zambarau na kuamini.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeenda mjini kumwambia Muasya, mkuu wetu. Nimepanda ngazi hadi orofa ya tatu nikijisemea maneno kama mtoto anayekariri. Nimekuta anaongea kwa simu juu ya mkaguzi mmoja aliyepiga muhuri bila kukata. Hakupaza sauti hata. Ati alimwambia aweke muhuri mezani na asirudi. Kisha akanigeukia, "Na wewe Peres, sema."

Nikasema nimekuja kuchukua fomu.

Nimetoka na fomu arobaini! Nimetembea barabara ya Tom Mboya yote kwenye mvua nikijitukana. Mwoga mimi. Kwa duka la dawa nimenunua ya minyoo nikaimeza hapo hapo, maana choo ni chetu sote. Nani ajuaye kama tegu si yangu?

Sijala. Mficha uchi hazai. Lakini kazi hii nikiipoteza nitaenda wapi, na miaka minane yote?

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeenda nyumbani kwa Mzee, Mountain View. Wanaume wanasimamisha mahema, akina mama wanachambua mchele. Nikamvuta kando nikamwambia yote. Tegu, choo, nepia, bega. Nikamwambia nyama ile igandishwe siku kumi, anunue ingine ya kesho.

Akasema watu wa Nyeri, wa upande wa bwana harusi, washatoka, na kila mtu wa kanisa anajua ataonja ndume ya Mbuthia. Ati wataichoma vizuri, hadi ndani. Nikauliza nani atasimama kando ya jiko kuhakikisha. Akasema, "Si ni wewe? Umealikwa." Halafu kwa sauti ya chini: "Na muhuri ni wako, Daktari. Si wangu."

Hasira! Nani alisema nisikate? Yeye. Nani alikuwa na kisu? Mimi.

Si mtu mbaya. Ana binti mmoja tu.

Shiko ameniona nikitoka, akaniuliza mbona uso hivyo. Nimesema ni kichwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mountain View, saa nne kasoro. Nimekuja mapema, kisu ndani ya mkoba, kimefungwa kwa leso. Nyama iko kwenye stoo nyuma ya jikoni, mabega mawili kwenye ndoano, hayajaguswa. Zachariah, mpwa wa Mzee, ndiye anachoma. Alikuwa tayari amewasha makaa. Nikamwambia nipishe kidogo.

Bega la kushoto, mkato wa kwanza: safi. Wa pili: safi. Nikacheka kwa sauti! La kulia, wa kwanza na wa pili: safi. Hapo nikataka kuweka kisu chini. Kweli nilitaka. Nani angejua?

Mkato wa tatu, ndani, karibu na mfupa. Kijipira kimoja. Na kando yake kingine.

Zachariah akainama, akasema hayo ni mafuta tu, Madam. Nikasema si mafuta. Basi ati nivichokoe na kidole nimwachie aendelee, akina mama washaanza kuimba kwa geti, wageni wamefika na wanazuiwa mlangoni kama desturi, muda ni mchache. Viwili tu! Na mkono wangu ulienda. Lazima niandike hivyo. Kidole kilifika.

Nimevipiga picha. Nimemtumia Muasya: "Ng'ombe 17, Jumatatu. Sikukata mabega. Muhuri ni wangu. Nyama iko hapa, haijaliwa bado." Tiki mbili. Sasa ni buluu, amesoma.

Zachariah nimemtoa nje. Nimefunga stoo kwa ndani, nimekaa juu ya kreti ya soda. Naandika ili nisifungue mlango. Naogopa.

Mzee anagonga. Kwanza polepole, "Daktari." Halafu kwa nguvu, "Peres!" Hajawahi kuniita Peres.

Nyimbo zimekaribia. Geti limefunguliwa.

Muasya anaandika. Ameacha. Anaandika tena.

Sauti ya Shiko sasa, nje ya mlango: "Baba, kuna nini? Ni nyama?"

Nyama hii haitoki humu. Ufunguo ninao mimi.