Mkanda Umechomoka Tena

Jumanne

Mkanda wa visu umechomoka tena, na ni mpya kabisa. Sasa siamini kwamba tatizo ni mkanda.

Nilishuka kwenye mashine ya kukata majani nikachungulia chini yake. Puli moja, gurudumu dogo linalopitisha mkanda, imepinda, ina alama mbichi ya kugonga jiwe. Mimi sijagonga jiwe. Nani aliiendesha Jumapili, nilipokuwa kanisani Masama?

Nilimwambia Mushi, mlinzi wetu pale hotelini, kwamba mkanda umechomoka. Basi.

Akasema haraka, "Pole, kaka. Hiyo puli si itanyooka tu?"

Puli sikuitaja.

Mushi ana watoto, na meneja hana msamaha. Lakini nisiposema, mharibifu nitakuwa mimi.

Jioni nimeondoka na ufunguo wa mashine. Mushi aliniona nikiuchukua, wala hakuuliza kwa nini.