Sefu iliyomkana kaka

Wewe! Gari lilishawashwa, kaka yangu fundi mwashi kavaa suti. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka bunduki yake polisi ikaguliwe, la sivyo kibali kinafutwa.

Akagusa kwa kidole sefu anamofungia bunduki. Ikakataa! Akapangusa kidole, akagusa tena. Ikakataa!

Na alivyotamba alipoinunua: "Hii inanijua mimi tu." Leo haimjui hata yeye 😂

Shemeji akauliza ufunguo wa akiba uko wapi. Kaka akaguna: "Umo humo ndani."

HUMO NDANI, ndugu yangu!

Shemeji ndiye aliyegundua. "Ulisajili kidole wakati wa kazi, kikiwa kimelika kwa matofali. Sasa umekaa mwezi mzima bila kazi, kimeota ngozi mpya. Hata sefu imejua hufanyi kazi, baba! Na banda langu la kuku lile pale, halina ukuta."

Kaka akavua koti. Akapanga matofali mpaka vidole vikamwasha, akanawa, akagusa. Tii! Ikafunguka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi, bunduki imekaguliwa na kibali kipo. Ufunguo anao shemeji. Kuku wamepata ukuta. Kaka kalala na suti yake. Mimi nilipita kuwasalimia tu; sasa niko stendi, safari inaendelea.