Kipusa na Mtandao

Mke wangu mtoro, mjukuu wangu,

Babu yako bado nawashinda vijana kwa mbio na kwa uongo. Jicho moja tu limeingia ukungu. Hospitali wanasema tarehe ya kupasuliwa inatazamwa kwenye mtandao, na simu yangu inajua kupiga na kupokea tu.

Karani wao akanifungulia akaunti kwenye kompyuta, akaniambia, "Babu, weka neno la siri."

Nikamnong'oneza sikioni.

"Siyo mimi, babu! Kompyuta!"

Nikaiinamia, nikainong'oneza. Hivi yenyewe inasikilizia wapi? Karani alicheka hadi machozi, akaniandikia.

Wewe mwenye simu ya kupangusa, nitazamie hiyo tarehe. Neno ni Kipusa, ninavyomwita bibi yako tukiwa wawili. Akijua nimelitoa, jicho zima atalitoboa mwenyewe.

Mumeo,
Babu