Kulifukiza Gari la Salim

Jumanne, 1 Julai

Katoka tena kabla ya chai. Chupa imejaa, maandazi yamelala. Baba Nasra, mume wangu, fundi magari, siku hizi hata kuaga haagi. Anawahi kwa Salim, tajiri wake, kuliwasha lile gari. Haliendi popote. Linawashwa, linapashwa moto, linazimwa. Kama mgonjwa wa kugeuzwa kitandani.

Mie nimepika udi wa kuuza mpaka adhuhuri. Sukari ya kuuchanganyia imeniunguza kidole. Sina hata wa kumwonyesha.

Alhamisi, 3 Julai

Leo kanisimulia habari za hilo gari. Sikumuuliza. Eti ukoo wake ni magari ya mashindano ya Ulaya, yale yanayokimbizwa mchana kutwa na usiku kucha, madereva wakipokezana. Sheria ilitaka kiwanda kitengeneze na machache ya kutembea barabarani, ndipo yale ya mbio yaruhusiwe kushindana. Hili ni mojawapo. Yako machache mno duniani, na moja liko hapa Bunju linakula vumbi, kwa sababu Salim ana maduka Kariakoo na hajui afanyie nini pesa.

Kaongea mpaka wali ukapoa. Macho yanang'aa. Mara ya mwisho kunitazama mie hivyo, sikumbuki.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Nina wivu na gari.

Jumapili, 6 Julai

Nimekwenda kumwona huyo mke mwenzangu. Nilijifanya nampelekea udi Bi Zuwena, mama yake Salim. Jeupe, limejilaza chini kama mtu anayetafuta kandambili uvunguni. Milango inafunguka kwenda juu. Viti viwili tu, injini iko mgongoni kwako. Redio hakuna. Pa kuweka mkoba hakuna. Uzuri wenyewe sikuuona.

Lakini Baba Nasra alikuwa kapiga magoti, analifuta kwa kitambaa laini, polepole, vumbi la kwenye kona analipuliza kwa mdomo. Mtu huyu hajawahi kunifuta hata jasho.

Halafu akalitoa kidogo kulinyoosha, nikaona namna linavyovuka tuta la barabarani. Anashuka, anapanga mbao mbele ya matairi, analipitisha taratibu, anarudi kuziokota. Mie nina mimba ya Nasra nilikuwa navuka dimbwi hapo hapo na ndoo kichwani, peke yangu. Nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira, sikupika.

Jumatano, 9 Julai

Makubwa haya. Bi Zuwena kaniita. Nimemwamkia, kanikalisha, kanipa kahawa. Ijumaa Salim analipeleka gari Masaki kwenye maonyesho, watu watalikodolea macho, na mama wa watu anaogopa kijicho. Anataka lifukizwe udi nje na ndani kabla halijatoka. Na nifukize mie, maana udi wangu ndio anaouamini.

Katika Bunju nzima kaniona mie. Mwenye kijicho ndiye kakabidhiwa chetezo cha kufukizia. Nimecheka njia nzima. Nilipofika kwangu cheko limeisha.

Ijumaa, 11 Julai



Kufukiza nguo najua, kufukiza chumba cha bibi harusi najua. Gari kama lile sikuwahi. Kwenye sakafu chetezo hakikai, yote pedali na vyuma. Nikakiweka juu ya kiti cha dereva, nikashusha mlango ili moshi ukolee. Baba Nasra alikuwa nje anapanga mbao tutani. Aliporudi akafungua, kaa lilikuwa limeanguka. Shimo kwenye kiti, kubwa kama kifungo cha koti. Kiti cha tangu kiwandani, kingine kama hicho hakinunuliki.

Sikukusudia. Nimejiuliza kutwa nzima na jibu ni lile lile. Ila nilipoliona lile shimo, kabla woga haujanishika, nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi.

Salim akaja mbio, akauliza nani kaweka moto humo ndani. Nikafungua mdomo.

"Mimi, bosi," Baba Nasra akasema. "Mke wangu alinikataza."

Kanyang'anywa ufunguo palepale. Kazi hana. Hakunilaumu, hakunitazama. Tumerudi kwa miguu, chetezo kakibeba yeye.

Jumatatu, 14 Julai

Yuko nyumbani. Anakunywa chai ikiwa moto. Kakaza bawaba za mlango, kamfunga Nasra kamba za viatu vya shule, kaniuliza kidole kimepona.

Nilichotaka nimepata. Basi mbona sina raha? Kila gari likipita barabarani ananyanyua kichwa, halafu anakiinamisha.

Ijumaa, 18 Julai

Salim kapata mtu mwingine wa kulitunza na kuliendesha gari, kijana kutoka mjini. Tumelisikia jioni, tumekaa barazani, nachambua mchele. Lilianza kusikika mbali. Baba Nasra akasimama. Halikuonekana, sauti tu, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikapotelea upande wa barabara ya Bagamoyo. Alisimama hata baada ya kwisha.

Nilidhani atasema kijana hajui kuendesha. Akasema, "Linamwitikia vizuri tu."

Nikamuuliza kama inauma.

"Inauma, Mama Nasra."

Nikamwambia naijua. Hakuuliza nimeijulia wapi. Nikampisha kwenye mkeka, akakaa, akavuta ungo upande wake, tukachambua mchele mpaka ukaisha.