Sauti Yangu Kwenye Vipaza vya Kata

Jumatano, 9 Mei 2012

Nimesoma matangazo ya kata kwenye vipaza sauti saa kumi na moja alfajiri, kama kila siku kwa miaka kumi na tisa. Chanjo ya mbwa, maji kukatika, kisha habari ya Hanoi: wizara inakusanya maoni. Je, serikali iruhusu ndoa za jinsia moja, au iendelee kuzipiga faini? Nikaisoma kama ninavyosoma bei ya mpunga. Diep nilimwacha uani anapiga mswaki, chini ya kipaza cha nguzo yetu. Mwanangu. Jumapili anamwoa Quyen, mwanamume mwenzake — au wanaoana, hata sijui niandikeje!

Sokoni hakuna mazungumzo mengine. Bi Luyen wa supu ya tambi anasema yeye aliolewa kwa cheti chenye mhuri, na mhuri haukumzuia mume kutoroka. Mteja mmoja akamuuliza, serikali ikifumba macho hapa, kesho itafumba wapi? Bi Luyen akamwambia ale, tambi zinapoa. Mimi nikalipa, nikaliacha bakuli limejaa.

Ijumaa, 11 Mei

Khiem, naibu mwenyekiti wa kata, kaniletea karatasi ya kusoma Jumapili. Kata inawakumbusha wananchi kwamba sherehe za ndoa za namna hiyo ni kinyume cha sheria. Jina halikutajwa, wala nyumba. Lakini Jumapili hiyo kata nzima ina harusi moja tu!

Nikamwambia koo linaniuma. Hakuniamini. Tumekua pamoja, huniita Dada Sita kwa zamu yangu ya kuzaliwa, kama watu wa kwetu wanavyoitana.

"Dada Sita, mimi nimeletewa, nami nakuletea. Jumapili nitakuja kuangalia. Mkila tu, nitaandika karamu. Ukiwatangazia wahenga wako, hiyo ni harusi, na itanibidi niiandike."

Akiiandika, kazi sina. Msomaji wa kata hawezi kuvunja anachokisoma. Hilo hakulisema, nalijua mwenyewe.

Jumamosi, 12 Mei

Quyen kaleta tambuu na popoo za harusi, sinia limefunikwa kitambaa chekundu. Kwao hawaji. Hata mama yake hakubali. Quyen mwenyewe anafagia uani tangu asubuhi, pamefagika mara tatu.

Diep hataki cheti, hataki mhuri. Anataka kitu kimoja: niwashe udi mbele ya picha ya baba yake, nimwambie kwa sauti kwamba Quyen ni wa nyumba hii.

"Mama, kata nzima inaisikia sauti yako kila siku. Mimi naiomba siku moja."

Nikaitikia. Na karatasi iko mfukoni! Sikumwambia. Mwoga mimi.

Jumapili, 13 Mei

Nimeisoma. Yote, mpaka tarehe na cheo cha aliyeitia saini. Nilidhani nitakwama. Sikukwama. Mazoea yana tabu — mdomo ulijiendea wenyewe.

Nimefika nyumbani nikawakuta wameshavaa. Diep hakulia. Alinisogelea, akanifunga kifungo cha shingoni ninachokisahau kila mara.

"Mama, hukutetemeka hata kidogo."

Heri angenitukana.

Wageni kumi na watatu. Tuliwaalika arobaini. Bi Luyen kaja na sufuria lake, kakaa mbele kabisa, anawatazama majirani wanaochungulia ukutani mpaka wanaona haya. Khiem yuko meza ya pembeni. Daftari limefungwa juu ya goti, chai hajaigusa. Hanitazami.

Quyen kashika sinia. Diep kando yake. Wamesimama mbele ya picha ya mume wangu, wananingoja. Nimewaambia naja, natafuta kiberiti.

Niko jikoni, naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la mchele. Kiberiti ninacho mkononi tangu nivae. Naipenda kazi yangu, niseme ukweli. Bila ile maiki mimi ni mjane tu wa mtaa wa nyuma. Na mwanangu ninaye mmoja.

Nimejaribu kwa sauti ya chini, nikiielekea mitungi ya maji: Baba Diep, huyu ni Quyen, ni wa nyumba hii.

Sauti imetetemeka. Miaka kumi na tisa haijawahi!

Nasikia Khiem anavuta kiti. Diep ananiita. Naweka kalamu chini, natoka na kiberiti.