"Hawa Wananisukumia"

Sahibu yangu Sefu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, wala sikufichi, maana wewe ndiye uliyenitia. Jana tulikuzika. Tukiwa bado makaburini, baba mkwe wako alinishika mkono, akawaambia jamaa zake waliotoka Muheza: "Huyu ndiye aliyekuwa akimsukumia marehemu gari lake." Wakanipa pole. Mimi, seremala mzima, nikapokea pole ya msukuma gari.

Unakumbuka lile gari lilivyoanza? Chama chetu kilikuwa na watu wanne, na mifupa ya gari bovu lililotupwa na shamba la mkonge. Petro, fundi wa mashine huko shambani, akafufua injini. Mbaruku akashona viti kwa turubai. Bodi niliiunda mimi kwa mvule na mabati, mpaka ukucha ukaning'oka. Wewe ulishika usukani kwa kuwa wewe peke yako ulikuwa na leseni. Siku lilipowaka ulinikumbatia mbele ya watu wa mtaa wetu wa Ngamiani, ukasema, "Gari letu limekubali." Siku ile nilikupenda kuliko ndugu wa tumbo moja.

Na raha tulizipata, nisiseme uongo. Kila Jumapili tulikwenda Muheza kula machungwa, tukarudi vumbi tupu. Betri ilikuwa mbovu, kwa hiyo tulisukuma sote, wewe ukisukumia mlangoni, halafu tukalidandia likiwa mwendoni. Mbaruku aliwahi kuachwa na kiatu kimoja, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kumbe machungwa yalikuwa kisingizio, ulishamwona binti wa huko. Ukatuomba tukusindikize kwenye posa. Mzee akauliza gari la nani.

"Langu," ukasema.

"Na hawa?"

"Hawa wananisukumia."

Petro alicheka, akadhani mzaha. Mimi nilikutazama, ukageuza uso. Ningesema nini? Nani atamvunjia mwenziwe posa? Njiani nilikuwakia, ukaapa: "Nikishaoa nitamwambia mwenyewe." Ukaoa. Ukapata mtoto, ukapata wa pili. Kila nikikukumbusha, "Bado, sahibu, nangoja siku nzuri." Siku nzuri ipi, Sefu? Kweli asante ya punda ni mateke.

Tena si bodi inayoniuma. Inaniuma kuwa ulituonea haya. Ulitaka wakwe wakuone bwana mkubwa, ukatukanyaga sisi ili uonekane mrefu.

Jana kaka yako aliomba mwenye kinyongo na marehemu amsamehe. Watu wakaitikia, "Tumesamehe." Mbaruku akasema. Hata Petro, Mkristo wa watu, aliyesimama pembeni kavua kofia, akasema. Mimi mdomo haukufunguka. Mbaruku alinikanyaga mguu, nikakaza meno. Kutamka nimesamehe huku moyo unachemka ni kuongopa juu ya kaburi lako, na uongo kuhusu lile gari umeshatosha.

Mkweo yuko hapa mpaka hitima ya kesho. Watu wakishakula nitamwamkia shikamoo, nimvute kando, nimweleze yale uliyoapa kumweleza. Huenda akanitukana. Huenda mkeo asinisalimie tena maisha yake yote. Liwalo na liwe.

Mungu akulaze pema, hilo naliomba kwa moyo wangu. Lakini ile "nimekusamehe" ingoje. Nikitoka kwa mkweo nitakuja makaburini peke yangu kukuambia, na nikikosa ujasiri wa kumwambia, sitakuja.

Ni mimi, sahibu yako, seremala.