Hakijavunjika Hata Kimoja

Kwamsisi,
Handeni, Tanga.
9 Februari 2025

Mdogo wangu mpendwa Mustapha,

Assalaam aleykum. Na marahaba, maana najua ungeniamkia kabla hata ya kukaa. Wifi Mwanaisha hajambo? Mgongo wako je, au bado unajitia kijana? Sisi huku wazima, ila mvua za vuli zilitukimbia.

Nimeandika kwa sababu simu ingenishinda kwa kulia. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Mwanangu Hajira kafeli kemia, na bila kemia hakuna chuo cha ufamasia kitakachompokea.

Usimgombeze kwanza. Lile boksi la vyombo vya maabara ulilowatumia shuleni kwao lilipokewa kwa dua. Mwalimu mkuu akavipanga kwenye kabati la ofisini kwake, akafunga, ufunguo akatia mfukoni. Wageni wakija, wanafunguliwa waone. Wanafunzi wenyewe walichorewa tu ubaoni. Hajira alikijua kila chombo kwa jina na kazi yake, alikuwa akinitajia huku tunamenya mihogo.

Siku ya mtihani wa vitendo ndipo aliposhika kwa mara ya kwanza ule mrija mrefu wa kioo wenye koki. Anasema aliogopa kuuvunja kuliko alivyoogopa kufeli. Lilitakiwa tone, yeye akamwaga. Akarudia, akamwaga tena, muda ukaisha.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Si mtu mbaya, alisikitika kweli. Kisha akaniambia kwa fahari, "Mama Hajira, mwambie ndugu yako vyombo vyake viko salama. Hakijavunjika hata kimoja."

Nilimuaga nikarudi nyumbani. Ningemlaumuje, na glasi zangu za harusi zina miaka ishirini kabatini?

Hajira atarudia mtihani Novemba. Siku hizi anachemsha maua mekundu ya choya, anamimina kwenye glasi, halafu anadondoshea maji ya majivu kwa bomba la sindano, tone kwa tone, mpaka wekundu ugeuke. Jaribio lenyewe limo kitabuni mwake. Choya na majivu tulikuwa navyo miaka yote minne, Mustapha. Hilo ndilo linaloniuma.

Jirani yetu Mzee Mhina anakusalimu. Mbusu Sabiri wenu. Mungu awatunze huko Mwanza na akuzidishie ulipotoa.

Jana glasi moja ya harusi ilimponyoka Hajira ikapasuka. Akaganda, akisubiri kelele zangu. Nikamfungulia kabati achukue nyingine.

Dada yako akupendaye,
Mwaija